Mkebe wa Nne

Mwezi uliopita walinijia wanafunzi wawili wa chuo, wanataka niwasimulie historia ya Sarıkum Film. Nikawawekea chai. Wakaniuliza ni nyota gani waliopita pale, na je, ni kweli kwamba mwaka wa sitini na sita tulitoa filamu ishirini na moja? Ni kweli. Ukitengeneza filamu kwa siku tisa, na ya pili unaipiga humo humo na waigizaji wale wale, wanabadili makoti tu, utashindwaje kufika ishirini na moja? Wakacheka, wakaandika. Nikawauliza, "Na Nezihe je, mmesikia habari zake?" Wakatazamana. Hawajamsikia, na wala hawakuuliza ni nani. Basi nikawaambia wamalize chai yao waende zao.

Waliondoka wamenuna. Na wanune. Kwangu mimi historia ya studio ile ni ya Nezihe, na kwa kuwa wao hawakuitaka, nitaisimulia mwenyewe.

Mimi naitwa Rıfkı. Pale Sarıkum nilifanya kila kazi isiyokuwa na jina. Nilibeba taa, nilishika mwavuli wa nyota, nilicheza maiti mara kumi na moja, na miaka ya baadaye nikawa mtunza depo, ghala la filamu zetu. Mwenye mali alikuwa Bwana Muhittin. Kabla ya filamu alikuwa mfanyabiashara wa mbao kutoka kijiji cha Sarıkum, huko Sinop, na studio aliiendesha kama mbao: kata, piga msumari, uza. Mkono wake ulikuwa wa birika kweli kweli. Tulikuwa na koti moja la manyoya, na kila mwanamke tajiri katika filamu zetu alilivaa hilo hilo, mpaka watu wa Adana wakalijua. Akikodi jumba la kitajiri kando ya maji ya Bosfori kwa siku mbili, basi siku hizo mbili tulipiga picha za ngazi zake kwa ajili ya filamu sita. Watu wanapanda, watu wanashuka, mtu anaanguka, mtu anapigwa risasi. Hadithi zenyewe zilikuwa bado hazijaandikwa.

Kilichotutesa zaidi ni mkanda mbichi, ule mtupu wa kutia kwenye kamera. Ulikuwa adimu kuliko nyama. Kwa hiyo kwetu hakukuwa na kurudia. Mwigizaji akipiga chafya, basi kwenye kuingiza sauti tunampa mafua na daktari. Maana sauti, wakati wa kupiga picha, haikuwepo. Beyoğlu nzima, mtaa wa watu wa filamu, tulifanya hivyo: kamera inapiga picha bubu, halafu wiki ya pili watu wengine kabisa wanaingia chumbani, wanatazama ukutani na kuwasemea wale nyota. Yule dume wa sinema ambaye wasichana walimlilia alikuwa na sauti ya jogoo mgonjwa. Mliyemsikia ninyi alikuwa mtu mnene wa redio, baba wa watoto wanne.

Na kwa kuwa sauti haikuwepo, nyota hawakujifunza maneno. Wajifunze saa ngapi? Maneno yenyewe yaliandikwa asubuhi hiyo, mengine nyuma ya pakiti ya sigara. Ndiyo maana kila studio ilikuwa na msomaji. Anachuchumaa chini ya kamera na karatasi zake, anasoma sentensi kwa sauti, mwigizaji anaifuata kama darasa la kwanza. Msomaji wetu alikuwa Nezihe.

Alikuwa binti wa Kasımpaşa, baba yake karani wa bandari, amesoma mpaka sekondari. Mumewe alikwenda Ujerumani kufanya kazi viwandani, akatuma barua mbili, ya tatu sisi tunaingoja mpaka leo. Akamwacha na mtoto mmoja wa kike, Şule. Nezihe alisoma nafasi zote peke yake: bwana harusi, polisi, kahaba, imamu, mama mkwe. Ikifika jioni koo limemkauka anazungumza kwa mikono. Na jina lake, wallahi, halikuandikwa katika filamu hata moja. Koti la manyoya liliwahi kuandikwa, kwa shukrani kwa duka lililoliuza. Nezihe, hapana.

Mwaka wa sitini na nne tukaanza filamu inaitwa Ngazi za Yatima. Alitakiwa mtoto wa kike wa miaka sita. Mtoto maarufu wa siku zile alikuwepo, lakini mama yake alitaka gari la kumleta na kumrudisha. Bwana Muhittin karibu azimie.

"Gari? Mtu hajang'oa meno ya utoto anataka gari? Mimi mwenyewe nakuja kwa miguu!" Akageuka huku na huku, jicho likamwangukia Nezihe. "Wewe si una binti?"

"Ninaye, bwana. Lakini hajawahi kuigiza..."

"Nani hapa amewahi? Mlete kesho. Mchane nywele."

Akamleta. Kamchana nywele, kamfunga utepe, na jino moja la mbele halipo. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: mtoto amesimama kwenye ngazi, baba amerudi kutoka kumzika mkewe na hajui aanzie wapi, mtoto anamwuliza, "Baba, mama amekwenda wapi? Hatarudi tena?" Halafu analia.

Nezihe akachuchumaa mahali pake, chini ya lenzi. Mwongozaji wetu, Saffet, akapaza sauti kamera iende. Nezihe akasoma, "Baba, mama amekwenda wapi?"

Şule akamtazama mama yake kama anayemtazama mtu aliyepatwa na wazimu. Akamnyooshea kidole. "Si huyo hapo!" akasema. "Si umechuchumaa hapo!" Akacheka na pengo lake, akacheka mpaka utepe ukamwangukia jichoni.

Sote tuliangua kicheko. Hata yule nyota aliyekuwa baba alijifunika uso kwa kofia, mabega yanamtikisika. Saffet akapiga karatasi chini. "Kata! Tunarudia!"

"Haturudii kitu!" Bwana Muhittin alikuwa ameshasimama. "Mkanda huo unaujua bei yake, wewe?"

"Bwana, mama yake amekufa na mtoto anacheka!"

"Anacheka kwa uchungu. Watu wa namna hiyo wapo. Na huyo baba kaficha uso, tazama anavyotikisika, analia kabisa! Safi. Bi Mualla atamlilia kwenye sauti. Haya, ngazi inayofuata."

Bi Mualla alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, pakiti mbili za sigara kwa siku, na miaka ile watoto karibu wote wa kwenye sinema zetu, wa kike na wa kiume, sauti zao zilitoka katika kifua chake. Wiki ya pili akaingia chumbani, akalia, akasema yale maneno yaliyokuwa kwenye karatasi. Fundi Karnik, mkataji na mwungaji wetu wa filamu, akayapachika juu ya kile kicheko. Yakakaa.

Majira yale ya baridi Şule akashikwa na homa ya uti wa mgongo. Jumatatu alilalamika kichwa, Ijumaa tulimzika Eyüp. Sina la kuongeza hapo. Mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza, na lilikuwa jepesi mpaka ukaona aibu kulibeba watu wanne.

Picha ya mtoto ilikuwa moja tu nyumbani, ile ya kuandikishwa shule, na hapo mtoto amevimba macho kwa kuogopa mpiga picha. Zaidi ya hiyo ilikuwepo filamu.

Ngazi za Yatima ikatoka mwezi wa tatu. Nezihe akawa kiguu na njia. Ikionyeshwa Beşiktaş, yuko Beşiktaş. Ikipelekwa Üsküdar, anapanda feri. Majira ya joto ikaenda kwenye sinema za uani, zile za viti vya mbao na mbegu za alizeti, akaifuata mpaka Adapazarı. Siku moja nilimsindikiza. Likaja fungu la nne, maana filamu moja huja katika mafungu kadhaa ya mkanda, ngazi zikatokea, mtoto akatokea, na Bi Mualla akaanza, "Baba, mama amekwenda wapi? Hatarudi tena?" Wanawake wote uani wakatoa leso. Mbele yangu mzee mzima analia na mbegu mdomoni. Nikageuka kumtazama Nezihe, namkuta anatabasamu. Sikufurahi, nasema kweli. Niliona huyu naye akili zimeanza kumruka.

Tulipotoka nikamwuliza.

"Kaka Rıfkı," akasema, "wote wale wanamsikia anauliza niko wapi. Mimi namsoma mdomo. Anasema nipo."



Lakini nakala za filamu hazidumu. Kila mwonyeshaji wa mikoani anakata kipande anachokitaka, mashine inatafuna kingine, mwisho wanawapa watoto mtaani wachezee. Ilipofika mwaka wa sabini hakukuwa na nakala hata moja yenye fungu la nne. Kilichobaki ni mkanda mama, ule uliopita ndani ya kamera yenyewe na kuzaa nakala zote. Huo ulikuwa kwangu, depo.

Depo yetu ilikuwa chumba cha chini ya ardhi, kina paa linalovuja upande wa ua na panya wasiomwogopa mtu. Filamu zilikaa katika mikebe ya bati, mkebe mmoja kwa kila fungu, picha rafu za juu, sauti rafu za chini, maana ilikuwa mikanda miwili mbalimbali. Nilimwomba Bwana Muhittin daftari la kuandikia kila kitu kiko wapi. "Daftari la nini?" akasema. "Si nina Rıfkı?" Na mimi mpumbavu nikavimba kichwa. Kweli nilijua. Ungeniamsha usingizini ukanitajia filamu, nikakuonyesha kwa kidole.

Kila mwaka, siku moja kabla ya Idi, watu wakienda makaburini, Nezihe alikwenda Eyüp asubuhi, akamwagilia maua ya kaburi la binti yake, halafu akashuka kwangu depo. Nilikuwa namwekea kiti. Anakaa mbele ya rafu, anauweka mkono juu ya mkebe ulioandikwa Ngazi za Yatima, 4, anasoma Fatiha, ananishukuru, anaondoka. Mara moja tu aliniomba.

"Kaka Rıfkı, niufungue kidogo? Nitazame kwenye taa tu."

"Hapana, dada," nikamwambia. "Mkanda mama haushikwi ovyo. Vumbi, jasho la kidole, mkwaruzo mdogo tu, basi umeharibika, na hakuna mwingine."

"Kweli," akasema. "Bora ukae." Hakuomba tena. Na Bwana Muhittin alimwapia mbele yangu kwamba siku akipata nafuu atamtolea nakala ya fungu lile, bure, kwa roho ya mtoto. Nafuu yake haikufika. Wewe ulishaona tajiri aliyepata nafuu?

Kisha televisheni ikaingia kila nyumba, familia zikaacha kwenda sinema, na studio zikaanza kutengeneza mambo ya aibu kwa ajili ya wanaume wasio na kazi. Sarıkum nayo ikafanya. Nezihe alikataa kuyasoma yale maneno. Akaacha kazi baada ya miaka kumi na sita, akawa anashona mapazia nyumbani. Hakuna aliyempa hata shada la maua. Lakini siku ile kabla ya Idi alikuja vile vile.

Mwaka wa sabini na tisa Bwana Muhittin akaamua kufunga. Akauza kamera, akauza taa, akauza koti. Ikabaki depo. Akatokea mtu wa kiwanda kimoja cha upande wa Topkapı, ananunua filamu nyeusi na nyeupe kwa uzito. Wanazichemsha, wanatoa madini ya fedha yaliyomo kwenye mkanda, na plastiki inayobaki wanafanya vitana na visigino vya viatu. Nilipata habari Jumatatu jioni, kwamba lori linakuja Jumanne asubuhi. Filamu mia mbili na kitu za maisha yetu ziwe vitana!

Nikampigia simu Nezihe kwa jirani yake mwenye simu. Alfajiri alikuwa mlangoni, ushungi umekaa upande, pumzi juu juu. Alitaka kitu kimoja tu, mkebe wa nne. Bwana Muhittin alipofika, alimwendea moja kwa moja pale barabarani.

"Bwana, nipe ule mkebe mmoja."

"Nezihe, mwanangu, mali imeshauzwa. Mtu kapiga hesabu yake kwa mikebe yote. Nitamwambiaje?"

"Mwambie umenipa."

"Hivi ukitoa kimoja, kesho anakuja mwingine anataka cha bibi yake, keshokutwa..."

"Nani mwingine?" Sijawahi kumsikia Nezihe akipandisha sauti. Miaka kumi na sita alisomea watu wengine hasira zao, siku ile alikuwa na yake. "Nani mwingine mwanawe yumo humo? Mwonyeshe! Ulimtumia mtoto wangu bure, hukumpa hata kikombe cha maziwa. Ukacheka tulipocheka. Ukaniapia kwa Mungu mbele ya huyu Rıfkı. Leo unanipimia mwanangu kwa kilo?"

Muuza magazeti akasimama. Wapagazi wa lori wakaweka chini walichobeba. Mwanamke mmoja dirishani akasema, "Mpe, we mzee, huogopi kufa?" Bwana Muhittin akatazama huku na huku, akaona amezingirwa na macho, akapunga mkono kama anayefukuza nzi.

"Mpe. Mmoja tu. Halafu pakieni, mtu wa watu anangoja."

Nilishuka mbio, nikauchomoa pale pale alipozoea kuweka mkono, nikapanda nao. Akaupokea kwa mikono miwili. Akautazama. Kidole chake kikaenda kwenye kifuniko.

"Tufungue tuone?" akasema. "Kwa dakika moja tu."

Na mimi, mtunza depo hodari, bingwa wa dunia nzima, nikamwambia, "Usifungue barabarani, Dada Nezihe. Vumbi lote hili! Nitakupeleka kwa Fundi Karnik, atautazama kwa utaratibu wake, akutolee nakala."

"Haya," akasema. "Wewe ndiye unayejua."

Akaukumbatia kifuani, akakaa kwenye kizingiti cha mlango, sisi tukaendelea kupakia. Kazi ilikwenda mpaka adhuhuri. Mimi nilipanda na kushuka, mikebe mitano mitano kifuani, yeye kila nikipita ananisogezea miguu nipate njia. Safari moja mzigo ulinielemea, mkebe wa juu, wa buluu, ukaanza kuteleza. Akainuka, akaushika kwa mkono wake mmoja, akaurudisha mahali pake.

"Taratibu, Kaka Rıfkı," akasema. "Hata hivi vya watu navyo ni roho za watu."

Lori likajaa, likaondoka.

Alhamisi mchana tukaenda kwa Fundi Karnik. Alikuwa amekodi chumba ghorofa ya tatu, anaunga matangazo ya sabuni. Mzee wa watu alifurahi kutuona. Akamkalisha Nezihe kwenye kiti chenye mto, akamwita "mwanangu", akaulizia koo lake. Nezihe alikuwa amevaa vizuri. Alikuwa amepaka wanja.

Karnik akavaa glavu zake nyeupe, akafungua mkebe, akavuta kama dhiraa mbili za mkanda, akazielekeza dirishani. Akatazama. Akavuta nyingine. Nikaona uso wake unabadilika, akanitupia jicho, akashusha mikono.

"Nini?" Nezihe akasema. "Umeharibika?"

"Haujaharibika, mwanangu." "Huu si picha. Huu ni mkanda wa sauti."

Nezihe hakuelewa mara moja. Akasogea dirishani, akautazama mwenyewe. Hakukuwa na ngazi, wala mtoto, wala utepe. Ni weusi mtupu, na ukingoni mstari mwembamba wenye meno meno, unakwenda na kwenda.

"Lakini umeandikwa nne."

"Ni fungu la nne. Lakini la sauti."

Akakaa. Kisha Nezihe akasema polepole, "Basi nisikie."

"Ya nini, mwanangu? Achana nayo."

"Nisikie, Fundi."

Karnik akaupachika kwenye mashine ya meza yake ya kuungia filamu. Kikatoka kishindo cha mlango, vikatoka viatu vinapanda ngazi. Vile viatu vilikuwa vyangu, mimi ndiye niliyepiga hatua zile juu ya ubao. Halafu ikatoka sauti ya yule mvuta sigara anayejifanya mtoto, nyembamba, ya kubana pua, imejaa machozi ya kulipwa. "Baba, mama amekwenda wapi? Hatarudi tena?"

"Zima," akasema Nezihe.

Karnik akazima. Nezihe akakaa ameutazama mkono wake uliokuwa juu ya meza. Kisha akaomba maji, na Karnik akanivuta ukumbini kana kwamba tunakwenda kuyachota pamoja.

"We Rıfkı, una nini?" alininong'oneza kwa hasira. "Majira ya baridi ya sabini na tatu, paa lilipovuja, si nilikuja kukausha? Mkebe wa nne ulijaa maji. Picha nikaihamishia kwenye mkebe wa ile filamu ya Bwana Harusi wa Kukodi, ule wa buluu, maana mkanda wake wenyewe ulikuwa umeshaoza. Ule wa nne ulipokauka nikatia sauti, maana mkebe wa sauti ulikuwa umeliwa na kutu. Nikakuambia! Umesimama pale pale na kikombe chako cha chai, ukasema, 'Sawa, Fundi, kichwani kwangu imo.'"

Ilikuwa kweli. Alivyosema tu nikakumbuka, mpaka kile kikombe nikakiona. Miaka sita mwanamke yule alikuja kuisomea Fatiha sauti ya Bi Mualla, na mimi namwekea kiti.

Nikachukua maji, nikampelekea.

Tukashuka ngazi taratibu. Mkebe aliuacha juu ya meza ya Karnik, hakuugusa tena. Kwenye ngazi za mwisho akasimama, akashika ukuta.

"Kaka Rıfkı, nataka uniambie kitu kimoja. Picha yenyewe iliondoka lini? Ilikuwa kwenye lori lile?"

Alikuwa ananitazama machoni. Wanja ulikuwa umemchuruzika mpaka shavuni.

"La, dada," nikasema. "Iliondoka zamani. Paa lilipovuja iliharibika, tukaitupa. Sabini na tatu huko."

Akashusha pumzi. "Afadhali," akasema. "Maana siku ile nilikaa pale mlangoni tangu asubuhi. Ningejua imepita mbele yangu, nisingeweza kuishi."

Nikampeleka mpaka kituo cha basi.

Ule mkebe wa buluu ulioteleza kifuani mwangu, akaushika kwa mkono wake na kunirudishia, ulikuwa ndio huo. Alimshika mwanawe kwa mkono wake mwenyewe akaniwekea juu ya mzigo, na mimi nikambeba mpaka kwenye lori.

Aliishi miaka kumi na minne zaidi. Depo haikuwepo tena, kwa hiyo kila siku moja kabla ya Idi akitoka Eyüp alikuja nyumbani kwangu. Alileta sahani ya baklava, vile vitamu vya lozi na asali, aliyoipika mwenyewe, imefunikwa kitambaa. Alimwambia mke wangu, kila mwaka maneno yale yale, kwamba katika watu wote wa studio ile ni mimi peke yangu niliyemtendea wema. Mke wangu alikuwa ananitazama kwa fahari.

Mimi niliipokea ile sahani. Kila mwaka niliipokea, nikakaa naye, na nikala.